Sikio la Askari Mzamiaji

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii yawafaa sana askari wazamiaji wa Ziwa Viktoria, pamoja na jamaa zao wakaao Kampala.

Mnamo tarehe 24 Novemba 2018 mashua ya starehe ilizama katika wilaya ya Mukono, wakafa watu zaidi ya 30. Wazamiaji wa polisi na wa jeshi walishuka majini kuwatafuta. Kazi ya namna hiyo husifiwa mchana, lakini pengine madhara yake huonekana usiku nyumbani, mtoto amwitapo babaye mara tatu asiitike. Mama husema, "Baba watoto, unaitwa." Naye hujibu kwamba amechoka tu.

Nyuma ya kiwambo cha sikio mna hewa, na mrija mwembamba hupitisha hewa hiyo kutoka kooni. Mtu azamapo, maji hukisukuma kiwambo kwa ndani. Ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Kwa hiyo msukumo huwa maradufu katika kina cha mita 9 tu. Mrija ukizibwa na mafua, kiwambo huvimba, huvuja damu, na hata kupasuka.

Ziko hospitali ulimwenguni zenye vyumba maalumu ambamo wagonjwa huvuta oksijeni chini ya msukumo mkubwa. Humo pia, maumivu ya sikio ndiyo madhara yatokeayo zaidi. Lakini mgonjwa hufundishwa kwanza kumeza mate, au kubana pua na kupuliza polepole. Akitoa ishara ya maumivu, msimamizi husimamisha msukumo, wala hakuna amwitaye mwoga.

Mzamiaji ni msimamizi wa nafsi yake. Na afungue masikio kabla hayajauma. Yakikataa, apande kidogo na kujaribu tena, asipulize kwa nguvu. Mwenye mafua asizame, bali amwarifu mkubwa wake.

Nyumbani, asitiwe mafuta wala maji ya majani sikioni. Kiwambo kilichopasuka mara nyingi hupona chenyewe baada ya majuma kadhaa, kikikingwa na maji. Lakini kizunguzungu kikali, au uziwi wa ghafula, humpasa kumwona daktari siku ile ile.

Sikio linalouma limekwisha toa taarifa. Askari mwema haizuii taarifa njiani.