BASI LA MWANZA NIMELIENDESHA KITANDANI!

Usicheke msomaji wangu. Basi la Mwanza nililiendesha kitandani miezi mitatu, usukani wangu mfuniko wa sufuria, kabla sijaaminiwa na abiria hata mmoja.

Miaka saba nilikuwa konda, minne nikaendesha daladala ya Mbagala. Leseni ya mabasi ninayo, lakini basi kubwa niliona ni la wenyewe. Kampuni moja iliponiita kwenye majaribio nilipanda pale juu nikajihisi kama mwizi aliyeingia chumba cha watu. Mikono inatetemeka, gia inalia, bosi akaniambia niteremke. Na nyumbani ada ya mtoto haijalipwa.

Kilichoniuma ni kwamba ndoto nilikuwa nazo kila siku! Ila nilichoota ni shati jeupe, abiria wananiita "suka", majirani wananitazama. Kuendesha kwenyewe sikuwahi kukuota.

Fundi mmoja wa gereji ndiye aliyenisimulia habari za Michael Phelps, muogeleaji wa Marekani. Kocha wake, Bob Bowman, alimzoesha kucheza "mkanda" kichwani usiku na asubuhi: shindano zima, pamoja na mabaya yanayoweza kutokea. Beijing mwaka 2008, fainali ya mita 200 mtindo wa kipepeo, miwani yake ikajaa maji. Haoni kitu! Akahesabu mapigo ya mikono mpaka ukutani: dakika 1 na sekunde 52.03, dhahabu na rekodi ya dunia.

Nami nikaanza mkanda wangu. Taa imezimwa, naondoka Dar. Chalinze, Morogoro, Dodoma, Singida. Jasho ni mteremko wa Sekenke: napunguza gia kabla sijaanza kushuka, breki nagusa na kuachia, maana ukiikanyagia muda wote inapata moto na kukataa. Nikaweka na balaa: ng'ombe kavuka, tairi la mbele limepasuka, usukani mikono miwili.

"Baba Zubeda, umefika wapi?" mama watoto ananiuliza gizani.

"Manyoni."

"Basi lala huko huko Manyoni, mfuniko wangu nipe."

Nisidanganye, kitanda peke yake kisingenipa kazi. Jumapili nilimbembeleza dereva mmoja aniachie nizungushe basi tupu uwanjani.

Majaribio ya pili, kampuni nyingine, nilipokaa tu mkono ukaenda wenyewe kwenye kioo. Ilikuwa kama naingia chumbani kwangu. Gia iligoma mara moja, nikairudisha taratibu. Bosi hakusema kitu, akawa anatazama nje dirishani. Kwa bosi yule, hizo ndizo sifa.

Sekenke yenyewe, safari ya kwanza na abiria, niliogopa, sikatai. Lakini haikuwa hofu ya mgeni.

Mfuniko umerudi jikoni. Mama Zubeda anadai umepinda, anataka mpya.