Kukata Henza

Nimezaliwa Lamu. Nilipanda jahazi la boriti nikiwa mtoto wa jikoni, nikawa baharia, mwisho serehangi. Serikali ilipopiga marufuku kuuza boriti za mikoko nje ya nchi mwaka 1982, safari za Ghuba zikafa, tukabaki na Mombasa. Hayo yatosha. Ninaloandikia ni henza, kwa kuwa serehangi aliyenifundisha amezikwa mwaka huu, na juzi nimemsikia kijana akisema kamba zote ni mamoja.

Si mamoja hata kidogo. Henza ndiyo inayobeba foromali, yaani mti wa tanga, na tanga zima. Hufungwa kwenye foromali, hupita juu ya roda kileleni mwa mlingoti, ikashuka hadi kwenye gofia inayovutwa kwa jarari. Tanga likishapanda, kipande kile kile cha henza hukandamizwa rodani kutwa kucha. Kamba ya chini yaweza kung'aa kwa upya, na hicho cha juu kimekwisha kufa.

Ami, ndivyo nilivyomwita serehangi wangu, alinunua henza ndefu kuliko haja, pima moja au mbili za ziada. Kila msimu aliiteremsha, akaiosha chumvi kwa maji ya kisima, akaachanisha mapote kwa vidole atazame ndani, kisha akakata mkono mmoja upande wa foromali na kufunga upya. Mahali palipochoka pakahama rodani.

Tulichobishana ni kamba yenyewe. Yeye alishikilia ya makumbi: huonya, hutoa manyoya kabla ya kukatika. Mimi nilimwambia, na bado nasema, huvutika mno; upepo ukizidi foromali hushuka. Nailoni nayo huvutika. Ile ya plastiki ya buluu inayopendwa kwa urahisi wake, jua huila ikapukutika unga mkononi, na msuguano huiyeyusha. Henza ni poliesta ya mapote matatu.

Tajiri mmoja mwenye jahazi aliona pima za ziada ni israfu, akakataza kukata. Foromali ilianguka mbele ya Kipini, ikamvunja baharia bega. Baharia yule hakuvuta jarari tena maisha yake.

Basi nyinyi mnaoshika jahazi sasa, pandeni mlingotini wenyewe. Mkikuta pote limebapa au nyuzi za ndani zimekatika, kateni siku hiyo hiyo, kabla ya kumwuliza tajiri.