Kabla ya Kununua Kiwanja, Chungulia Shimo

Tulikwenda Chalinze, pale njia za Morogoro na Tanga zinapoachana, kutazama kiwanja. Jirani alikuwa anachimba shimo la choo. Mwanangu akachungulia: "Mama, mbona udongo una mistari?"

Ni matabaka, nikamwambia, na wataalamu huyapa herufi. A ni la juu, jeusi kwa mboji. B hukusanya mfinyanzi ulioshushwa na mvua. C ni mwamba unaomeguka.

Ukifuata njia ya Tanga, unafika Amani. Mtafiti wa huko, Geoffrey Milne, alieleza mwaka 1935 jinsi udongo unavyobadilika kutoka kilimani hadi bondeni.

Kiwanja chetu kilikuwa bondeni. B yake ilikuwa ya kijivu, yenye madoa ya kutu: dalili ya maji kutuama. Masika choo kingefurika. Hatukununua.