Mnyama Asiye na Kinywa

Mwaka 1883 mtaalamu Franz Eilhard Schulze aliona katika tangi la maji ya bahari huko Graz, Austria, kiumbe bapa kama kipande cha utando, akitambaa juu ya kioo. Akamwita Trichoplax adhaerens. Upana wake ni milimita chache tu. Hana kinywa, tumbo, misuli wala mishipa ya fahamu. Hukilalia chakula chake akakiyeyusha papo hapo. Unyonge huo ulimponza. Alidhaniwa kuwa mtoto wa mnyama mwingine, akasahauliwa miaka mingi, hata Karl Grell alipomtengea kundi lake mwenyewe mwaka 1971.

Mwaka 2008 ilichapishwa jenomu yake, yaani maandiko yote ya urithi yaliyomo katika chembe zake: herufi karibu milioni 98, jeni 11,500 hivi. Humo zilikutwa jeni ambazo kwa wanyama wengine hutumika katika mishipa ya fahamu. Asiye na nyumba akikutwa na bawaba na misumari, sharti aulizwe. Je, alikuwa na nyumba ikabomoka, au vyuma hivyo vilikuwa na kazi nyingine kabla nyumba haijabuniwa? Jibu la pili lina nguvu zaidi, kwani baadhi ya chembe zake hutoa kemikali ya kumsimamisha afikapo penye chakula. La kwanza, hata hivyo, halijafutika. Wala si haki kumwita babu wa wanyama: ukoo wake una umri ule ule wa ukoo wa mwanadamu, nao umebadilika kwa njia yake.