Kugombea Ua Kariakoo

Nilipotoka Chuo cha Ardhi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kariakoo, Dar es Salaam, ilikuwa bado ya nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma ua wenye jiko na choo. Viwanja vilikatwa kwa ajili ya nyumba hizo za chini. Juu ya viwanja vilevile vidogo, kizazi changu cha wasanifu majengo kilitakiwa kusimamisha maghorofa.

Kwanza hapakuwa na cha kujengea. Saruji ilipatikana kwa kibali, nondo kwa bahati, na michoro yetu ikalala kabatini. Biashara ilipofunguliwa wakati wa Rais Mwinyi, wateja wakaanza kumiminika ofisini: familia nzima ya warithi, na pamoja nao mfanyabiashara mwenye fedha. Wao watoe kiwanja, yeye ajenge, wagawane. Mazungumzo yote yalikuwa ya fremu. Fremu moja ya duka inayotazama barabara ilishinda kwa kodi vyumba kadhaa vya juu, kwa hiyo kila hatua ya chini ilitakiwa iwe duka.

Mimi niligombea ua. Nilichora uwazi katikati ya jengo, kutoka chini hadi paani, hewa ipande na mwanga ushuke. Mama aliyezoea kupikia uani, akizungumza na majirani, huwezi kumfungia katika jiko lisilo na dirisha ukasema umemjengea nyumba. Warithi walinielewa upesi kuliko wenye fedha. Mara nyingine nilishinda. Mara nyingi ule uwazi ulirudi kwangu ukiwa umepunguzwa hadi kutosha mabomba ya maji machafu tu.

Kuhusu hewa na mwanga, mwalimu wangu wa kweli alikuwa Soko Kuu la Kariakoo, lililofunguliwa 1975. Mzee Beda Amuli, aliyelibuni, aliliezeka kwa miavuli ya zege inayokusanya maji ya mvua, akaacha nafasi za upepo kupita. Nilikuwa naingia mle saa saba mchana, jua la Dar likichoma nje, nasimama katikati ya magunia na kelele nikisikia upepo shingoni. Hakuna kitabu kilichonifundisha zaidi. Lilipoungua Julai 2021 nililia.

Sikugombea ua tu. Kuna mteja aliyetaka kuongeza ghorofa juu ya msingi uliokwisha kumwagwa kwa ghorofa nne. Nilikataa, naye akachukua ramani zake akaondoka. Nilimkumbuka Machi 2013, jengo la mtaa wa Indira Gandhi lilipoporomoka na kuua watu 36, na tena Novemba 2024, jengo jingine lilipoanguka Kariakoo yenyewe.

Ninyi mnaoshika kazi hii sasa, nendeni saiti siku zege linapomwagwa, mhesabu nondo kwa macho yenu. Mwenye jengo akidai ghorofa ya nyongeza, mhandisi aupime msingi kwanza na kujibu kwa maandishi. Kabla ya hapo msigonge muhuri.