Panda mti!

Nimerudi Iringa juzi usiku, baridi ile ile niliyoiacha Mbeya. Mazoezi ya kufundisha yameisha, ila kuna moja lazima niliseme.

Nilikabidhiwa alama za kidato cha pili, watoto 40. Mimi kwa kujifanya mtaalamu nikaandika programu ya Java: orodha moja ya majina, nyingine ya alama. Katika kuingiza nikarudia alama ya mtoto wa 20, aliyepata 12. Zikawa 41. Nikaandika alama.remove(12), zikabaki 40, nikabandika matokeo ubaoni.

Kesho yake binti mmoja akanifuata. "Shikamoo mwalimu." Akanionyesha karatasi yake ya mtihani: 71. Ubaoni kaandikiwa 12. Alishalia, na nyumbani walishaambiwa.

Basi bwana, kumbe orodha za Java zina methodi mbili zinazoitwa remove. Moja inataka namba ya nafasi, nyingine inataka kitu chenyewe. Ukiipa 12 kavu inaelewa nafasi, na kwa kuwa inahesabu kuanzia 0, ikafuta alama ya mtoto wa 13. Kuanzia huyo hadi wa 19 kila mmoja akapewa alama ya jirani yake. (Wa 18, aliyepata 71 ya bure, alikaa kimyaaa.) Ilitakiwa alama.remove(Integer.valueOf(12)).

Ni kama kumwambia mtoto "panda mti". Mmoja atachukua jembe, mwingine atakwea mparachichi, na wote wamekutii. Ukiwa na methodi mbili za jina moja, ya String na ya Integer, halafu ukaipa null, kompaila inagoma na kukuambia haielewi unataka ipi. Hiyo afadhali. Inayouma ni ile inayochagua kimyakimya. Kabla ya Java 5 ya mwaka 2004 namba kavu haikuingia kwenye orodha, kwa hiyo mtego huu haukuwepo. Joshua Bloch kwenye Effective Java anashauri methodi zenye idadi sawa ya vigezo zisipewe jina moja. Zangu sasa zinaitwa futaNafasi na futaAlama.

Nikarekebisha wote saba, nikaomba radhi mbele ya darasa. Yule binti akauliza kama naweza kumpigia baba yake. Nikapiga palepale, kwa vocha yangu. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Kwa hiyo ni 71?"

Ndiyo mzee, 71.