Maua ya harusi na dhahabu ambayo haijatoka

Daftari lilikuwa la mazoezi, lile lile ambalo mwalimu huyo wa shule ya msingi mjini Kahama huandalia somo la hesabu. Ijumaa usiku alilifungua ukurasa wa nyuma, akaandika "Maua", akapiga mstari chini yake, kisha akakaa kimya. Kesho yake yeye na mama yake walikuwa na miadi na mpambaji.

Kamati ya harusi ilishapitisha bajeti ya shilingi milioni 12. Kwenye kikao cha pili ahadi zilifika milioni 8 na laki 4, watu wakapiga makofi. Mweka hazina alipoulizwa kilichoko mkononi, akataja milioni 3 na laki 1. Aliyewahi kukaa kwenye kamati anazijua namba hizo mbili. Ahadi hutolewa soda ikiwa mezani. Fedha hutafutwa wiki ya mwisho, kwa simu ambazo hazipokelewi.

Mchumba wake alikuwa Nyarugusu, mkoani Geita. Si mwajiriwa wa mgodi mkubwa anayesubiri mshahara wa mwisho wa mwezi. Ni mchimbaji mdogo mwenye mgawo wake kwenye duara moja na wenzake, na ipo miezi ambayo mawe yakipelekwa karasha hurudisha fedha ya mafuta ya jenereta tu. Lakini mwaka jana walipata mfululizo. Alikwenda soko la dhahabu la Geita, lile lililofunguliwa Machi 2019, akarudi na fedha iliyonunua ng'ombe wote wa mahari. Kwa hiyo hakuwa mtu wa maneno matupu. Alihudhuria harusi ya mwenzake Katoro, ukumbi mzima mawaridi halisi, mengine yananing'inia juu ya vichwa vya wageni, na alishawaambia wenzake wa duarani kwamba ya kwake itakuwa hivyo hivyo.

"Maua niachie mimi," alisema kwenye simu. "Andika milioni 3. Duara likitema tu, nalipa."

"Na lisipotema?"

"Tajiri atanikopesha. Ameshakubali."

Hapo mwalimu aliweka kalamu chini. Amekua na watoto wa wachimbaji, anajua mkopo wa tajiri unavyolipwa. Anayekukopesha leo ndiye atakayenunua dhahabu yako kesho, na bei anapanga yeye, hata kama sokoni bei ya siku ni nyingine.

"Sasa mawe yakitoka baada ya harusi yatakuwa ya nani? Yetu au ya tajiri?"

Mchumba alisema mtandao unasumbua. Simu ikakatika.

Mama yake, aliyekuwa anachambua mchele kwenye ungo, alisikia yote. "Usimjibu mwanaume usiku ukiwa na hasira, mwanangu. Andika kwanza. Umtumie, atasoma asubuhi."

Akaandika. Hakuanza na milioni 12, wala na milioni 8. Alianza na fedha iliyokwisha kuingia, akatoa ukumbi, akatoa chakula, maana mgeni akikosa maua hasemi kitu, ila akikosa wali ataeleza mpaka Tinde. Yaliyobaki yaligawanywa kwa vingine vyote, na maua yakapata 450,000. Wageni 250 ni meza 25 za watu kumi kumi. Kila meza chombo kimoja cha 6,000, jumla 150,000. Meza kuu 120,000. Shada la bibi harusi 60,000, kanisani 50,000, gari 40,000. Zilizobaki 30,000 ni za dharura, kwa kuwa dharura haikosi.

Mawaridi halisi ya ukumbi mzima aliyafuta kwa sababu nyingine pia. Hutoka mashamba ya Arusha, yanapakiwa kwenye basi, yanapita Singida na Nzega, yanafika Kahama yamechoka kuliko abiria. Kwa joto na vumbi la Agosti, keki inapokatwa yale ya mlangoni yameshainama. Maua ya kitambaa ya mpambaji yameona harusi nyingi, na hakuna anayeyahesabu.

Aliwaza hata kuweka matawi ya pamba iliyopasuka mezani. Ni msimu wake, na ni nzuri kweli. Mama alimtazama kwa mshangao. "Pamba? Nimeivuna miaka yote hiyo mgongo unauma, leo niiangalie nikila pilau?" Pamba nayo ikafutwa.

Asubuhi dukani, mpambaji alikuwa ameshaandaa picha kwenye simu. Hapo ndipo wengi hupotea. Wanakwenda mikono mitupu, wanaoneshwa ukuta wa maua, mdomo unasema ndiyo kabla mfuko haujaulizwa. Mpambaji hana kosa, yuko kazini. Alipouliza, "Mmejipanga na shilingi ngapi?" mwalimu alitaja 450,000 na kugeuza daftari upande wake.

Mpambaji alisoma taratibu. "Meza kuu kwa laki na ishirini itapwaya, dada. Ila maua ya kanisani tukiyahamishia ukumbini baada ya misa, hapo tunayo laki na sabini. Nyuma naweka kitambaa, si ukuta wa maua."

Jumla ikabaki ile ile.

Mchumba alifika katikati ya mazungumzo, viatu vina vumbi la Nyarugusu. Picha ya ukurasa ule aliipata usiku. Alimwamkia mkwe wake akiwa ameinamisha kichwa, akakaa kiti cha mlangoni, mbali, kama heshima inavyotaka. Hakutaja milioni 3. Hakumtaja tajiri.

"Nina moja tu," alisema mwishoni. "Shada lake liwe mawaridi halisi."

Mwalimu alimsogezea daftari na kuweka kidole chini ya neno "shada". Pembeni, kwa mwandiko mdogo, alikuwa ameandika: mawaridi halisi, meupe. Kwenye picha ya simu halikusomeka.

Mpambaji aliomba nusu ya malipo, 225,000. Mama alianza kufungua pindo la kanga, lakini mchumba alishanyanyuka. Alihesabu noti mezani mara mbili. Zilifika 210,000. Akapapasa mfuko mwingine, hamna kitu.

Mama alimalizia kufungua fundo, akaongeza elfu kumi na tano za mchele, na mpambaji akaandika risiti.